Jiko Linaanzia kwenye Mwiko: Kupanga Jiko la Kuchongesha Nyumbani

Picha nyingi za majiko zinazozunguka kwenye simu zetu zimepigwa katika nyumba ambazo hakuna mtu anayesonga ugali. Kaunta zote zina kimo kimoja cha sentimita 90, jiko la gesi limezamishwa kwenye kaunta hiyo hiyo, makabati yanameta kuanzia sakafuni hadi darini, na hakuna mahali pa gunia la mchele wala pipa la akiba kwa siku maji yasipotoka. Mwenye nyumba anamwonyesha fundi picha, anasema anataka kama hilo, na fundi anatoa tepu. Miezi kadhaa baadaye jiko linapendeza wageni, lakini ugali wa kila siku unasongwa uani, kwenye mtungi mdogo wa gesi uliowekwa chini.

Kwa hiyo kabla ya kuchora chochote, chukua karatasi uandike kinachopikwa nyumbani kwako kwa wiki nzima, kisha uandike kinachopikwa siku ya shughuli. Kando ya kila chakula andika chombo chake: sufuria ya ugali, kikaango cha chapati, kinu, mbuzi ya nazi, blenda, oveni. Andika pia kimo cha anayepika mara nyingi, na kama wapo wawili, andika vyote viwili. Karatasi hiyo ina faida kubwa kuliko picha mia.

Kimo cha mahali pa kusongea

Hapa ndipo majiko mengi yanapoharibika, na hesabu yake si ngumu. Mtu akisimama wima huku mkono umekunjwa, kiwiko chake huwa karibu asilimia 63 ya kimo chake. Mwenye sentimita 158 ana kiwiko kwenye sentimita 100 hivi. Kazi nyepesi za kukata na kupanga hufanyika vizuri sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko, yaani kwenye kaunta ya sentimita 85 hadi 90. Mpaka hapo picha za simu hazina kosa.

Sasa weka jiko la mezani juu ya kaunta hiyo. Linaongeza sentimita 12 hivi. Weka sufuria ya ugali, inaongeza 20. Ukingo wa sufuria umefika sentimita 120 au zaidi, karibu na kifua cha msongaji. Kusonga kunahitaji nguvu ya bega ishuke chini kupitia mwiko. Kwa kimo hicho bega linapanda, kifundo cha mkono kinapinda, na mvuke unampiga mtu usoni. Ndiyo maana watu wanarudi chini.

Dawa yake ni kushusha kipande kimoja cha kaunta. Ukitaka ukingo wa sufuria uwe sentimita 95, toa 20 za sufuria na 12 za jiko: kipande hicho kiwe na sentimita 63, tuseme 65. Jiko la kuzamisha huinuka juu ya kaunta kwa sentimita 5 hivi tu, kwa hiyo hapo weka 70. Upana wa sentimita 80 unatosha jiko la mezani la pleti mbili. Kishushe mwishoni mwa safu ya kaunta au kwenye ukuta wa peke yake ili granaiti isikatwe vipande visivyo na mpangilio, na acha sentimita 30 hadi 40 kila upande kabla ya ukuta au kabati refu, maana mwiko unazunguka na kiwiko kinazunguka nao.

Jiko la kusimama lenye oveni huja na kimo chake kiwandani, sentimita 85 hadi 90, na huwezi kulipunguza. Wengine hujenga ngazi ya zege mbele yake. Sishauri: ngazi katikati ya jiko lenye sufuria za moto ni ajali inayosubiri. Afadhali oveni ibaki pale ilipo kwa kuoka na kuchemsha, na kipande cha chini kiwe na pleti yake ya ugali. Na kwa kazi hiyo achana na jiko lenye uso wa kioo. Chagua la chuma kisichoshika kutu, lenye vyuma vizito vya kukalishia sufuria, kwa sababu sufuria ya ugali husukumwa na kuzungushwa, haikai tu.

Mahali pa kukandia unga wa chapati pawe na sentimita 75 hadi 80. Si lazima pawe kaunta nyingine. Meza ndogo ya mbao ngumu yenye magurudumu mawili inatosha. Mbuzi ya nazi haina haja ya kaunta kabisa. Iachie eneo la mita moja kwa moja karibu na mlango wa uani.

Upepo, dirisha na mtungi

Kama nyumba bado iko kwenye ramani, angalia upepo kwanza. Pwani yetu ina kusi inayovuma kutoka kusini-mashariki kwa sehemu kubwa ya katikati ya mwaka, na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Jiko likiwekwa upande wa mashariki wa nyumba, harufu ya vitunguu na dagaa italala vyumbani mwaka mzima. Upande wa magharibi unapokea upepo ukiwa umeshapita vyumbani. Tatizo lake ni jua la alasiri, na hilo linatibika kwa kibaraza chenye paa linalotokeza mita moja na nusu au zaidi. Kibaraza hicho hicho ndicho mahali pa jiko la mkaa. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi na inaua, kwa hiyo usiruhusu mtu akushawishi kwamba dirisha likiwa wazi inatosha.

Dirisha la alumini la kuteleza hufunguka nusu tu. Dirisha la mita 1.2 linakupa sentimita 60 za hewa, kwa hiyo panga tundu jingine upande wa pili, hata kama ni matofali ya maua juu ya mlango. Kizingiti cha dirisha lililo juu ya sinki kiwe sentimita 105 hadi 110 kutoka sakafu iliyokamilika. Kikiwa chini zaidi, granaiti na vigae vinavyopanda ukutani vitaingia dirishani, na dirisha la kufungukia ndani litagonga shingo ya bomba.

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inatambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini. Kabati lililofungwa chini ya kaunta, ambamo watu wengi huficha mtungi, ndilo mahali pabaya kuliko pote. Mtungi ukae nje, kwenye kijumba cha tofali chenye mlango wa wavu na matundu usawa wa sakafu, mbali na chemba ya maji machafu na mbali na soketi. Bomba la gesi lipite ukutani ndani ya bomba jingine kubwa kidogo, ili ukuta ukipasuka au ukisogea usilibane. Ikiwa mtungi hauna budi kukaa ndani, uache sehemu yake wazi mbele, yenye upana wa sentimita 45 na kimo cha 75, halafu tundu la kutolea hewa liwe chini kabisa ya ukuta wa nje. Pima mtungi wako pamoja na regyuleta yake. Mafundi husahau kwamba regyuleta nayo ina kimo. Mpira wa gesi usipite nyuma ya oveni, na ubadilishwe kwa tarehe iliyochapwa juu yake, usisubiri upasuke.

Maji yanayoingia na yanayotoka

Tangi la juu ya mnara hutoa msukumo wa takriban bar 0.1 kwa kila mita moja ya kimo kutoka bomba hadi uso wa maji. Mnara wa mita tatu na nusu, bomba likiwa mita moja kutoka sakafuni, na tangi likiwa nusu, unakupa bar 0.3 hivi. Mabomba mengi ya kisasa yenye shingo ya kuvutwa yametengenezwa kwa msukumo mkubwa kuliko huo, na hapo yatatoa maji kama machozi. Uliza msukumo wa chini unaotakiwa kabla ya kununua, la sivyo chukua bomba la kawaida lenye njia pana. Kila mstari wa maji uwe na koki yake chini ya sinki ili bomba likiharibika usifunge maji ya nyumba nzima.

Maji machafu yanataka mteremko. Bomba la inchi moja na nusu au mbili literemke sentimita 2.5 kwa kila mita, bila kona ya digrii 90 iliyofukiwa ukutani. Weka kona mbili za digrii 45, na kila linapokata kona weka mfuniko wa kufungulia. Kinachoziba sinki zetu si mchanga. Ni ukoko wa ugali, machicha ya nazi na mafuta ya kukaangia yaliyoganda, yote yakishikana. Mtego wa mafuta nje, kabla ya chemba, ni kisanduku kidogo cha zege chenye vyumba viwili ambacho mafuta huelea na kuchotwa. Watu wanaukwepa kwa sababu unanuka ukifunguliwa. Bomba lililoziba hunuka zaidi.

Sinki la bakuli mbili linapendeza, lakini pima sufuria yako kubwa ya kila siku kabla ya kulinunua. Bakuli nyingi zina sentimita 35 kwa 40. Sufuria ya pilau haiingii. Bakuli moja pana, yenye kina cha sentimita 20 na kuendelea, pamoja na sehemu ya kukaushia, hufanya kazi kuliko mbili finyu. Masufuria ya shughuli yaoshewe nje: jenga sakafu ndogo ya mita moja kwa moja na nusu yenye ukingo, bomba na mfereji wake, na kichanja cha vyombo kando yake penye jua.

Zege au makabati ya mbao?

Kuna njia mbili. Moja ni kujenga meza ya zege juu ya kuta fupi za tofali kisha kuweka milango mbele. Nyingine ni makabati kamili ya mbao yanayobeba granaiti. Kwa nyumba inayodekiwa kwa kumwaga maji, na nyumba zetu nyingi ndivyo zilivyo, chini mimi nachagua zege bila kusita. Makabati ya MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, yanayokaa sakafuni hufa kuanzia kwenye kitako: maji yananyonywa na kingo ambazo hazikufunikwa, ubao unavimba, utepe wa plastiki unabanduka, bawaba zinalegea, na baada ya hapo hakuna skrubu inayoshika.

Slabu ya meza hiyo ya zege iwe na unene wa sentimita 7.5, nondo za milimita 10 zikipishana kila sentimita 15 hadi 20, mchanganyiko wa 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto, na kuta za kuibeba zisiachane zaidi ya mita moja na kidogo. Tundu la sinki liachwe kwa kisanduku cha mbao kabla ya kumwaga zege. Fundi akilisahau, atakuja kulitindua kwa nyundo na kukata nondo, na hapo ndipo ufa unapoanzia. Zege limwagiliwe maji siku saba, na mbao za chini zisitolewe kabla ya hapo. Kitako cha mbele kirudi ndani sentimita 7 na kiwe na kimo cha sentimita 10, kikiwa kimevikwa vigae, ili vidole vya miguu vipate pa kuingia na maji ya kudeki yasiguse mbao.

Ukichagua makabati ya mbao, yasimame kwenye miguu ya plastiki ya kurekebishika, na sehemu ya sinki iwe ya plaiwudi ya kuhimili maji badala ya MDF. Hesabu ya mbao kwa jiko la mita 3 za makabati ya chini na mita 3 za juu ni hii. Kabati la chini la sentimita 60, lenye mlango na rafu moja, hula karibu mita 2 za mraba za ubao wa milimita 18. La juu hula mita 1.6. Matano ya chini na matano ya juu ni mita 18 za mraba, ongeza asilimia 15 ya vipande vinavyopotea, unafika 21. Ubao mmoja wa mita 1.22 kwa 2.44 una karibu mita 3 za mraba. Basi ni mbao 7, nunua 8, pamoja na mbao 2 za milimita 6 za migongo. Fundi akikuambia 14, mwambie akuonyeshe mchoro wa kukatia.

Milango ya mninga au mkongo ni mizuri na inadumu, mradi mbao zimekauka. Mbao mbichi ikichongwa leo, baada ya kiangazi kimoja mlango umepinda na haufungi. Kwa milango mikubwa afadhali fremu ya mbao ngumu yenye ubao mwembamba katikati uliokaa huru kwenye mfereji wake, bila gundi, ili utanuke na kusinyaa bila kuivunja fremu. Mlango wa sentimita 72 unahitaji bawaba mbili. Ukipita sentimita 100, weka tatu. Karibu na bahari, bawaba na reli za bei rahisi hushika kutu mapema mno. Punguza mapambo, ongeza fedha hapo.

Droo zinafaa kuliko milango kwa makabati ya chini, kwa sababu huhitaji kupiga magoti kutafuta kifuniko cha sufuria. Zina gharama zaidi, basi weka safu moja tu, karibu na pleti.

Juu ya kaunta

Granaiti ya sentimita 2 ina uzito wa kilo 54 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kabati linaloibeba lisiwe na mchezo. Kipande chembamba kinachobaki mbele ya tundu la sinki kisipungue sentimita 6, na kiungo cha vipande viwili kisiangukie kwenye tundu hilo. Marumaru halisi na terazo yenye chembe za marumaru huliwa na limau, ukwaju na siki. Huacha mabaka meupe yasiyotoka kwa sabuni. Bizari ya manjano hupaka rangi karibu kila jiwe jepesi lisilopakwa kinga, kwa hiyo mwenye kupika pilau na mchuzi wa samaki kila siku achague rangi ya giza. Vigae juu ya kaunta ni rahisi kwa bei, lakini mistari yake hunywa mafuta na kugeuka meusi. Kama ndivyo bajeti ilivyo, chukua vigae vikubwa na mistari ya milimita 2.

Kati ya kaunta na kabati la juu acha sentimita 55 hadi 60, maana blenda ina kimo chake. Makabati ya juu yawe na kina cha sentimita 30 hadi 35 na yafike darini. Nafasi ikibaki juu yake ni makazi ya mende. Rafu iliyo juu ya mita 1.9 ni ya vyombo vya sikukuu tu. Ukuta wa tofali za saruji zilizopigwa kwa mchanga mwingi haushiki skrubu fupi, kwa hiyo tumia nanga za milimita 10 zinazoingia sentimita 8 au zaidi, na utoboe mahali palipoimara, mbali na mikondo ya nyaya.

Umeme, halafu mpangilio wa kazi

Soketi moja ya 13A (ampea 13) kwa umeme wa volti 230 inabeba karibu kilowati 3. Birika la umeme peke yake linakaribia hapo. Kwa jiko la kawaida panga soketi za pacha tatu juu ya kaunta, sentimita 110 kutoka sakafuni na angalau 30 kutoka ukingo wa sinki, ya friji peke yake, na mstari wa jiko la umeme wenye waya wa milimita za mraba 6 na swichi yake hata kama leo unatumia gesi. Waya wa soketi uwe wa milimita za mraba 2.5. Kuutindua ukuta wenye vigae baadaye kwa ajili ya waya mmoja ni hasara tupu. Taa ya katikati ya dari humwacha mpishi akikata vitunguu kwenye kivuli chake mwenyewe, kwa hiyo weka taa ndogo chini ya makabati ya juu.

Mpangilio wa kazi ndio unaogombanisha mafundi. Mchoro wa jiko lote ukamilike kabla ya fundi bomba na fundi umeme kutindua ukuta. Wakimaliza, piga picha za kila ukuta ukiwa na tepu iliyonyooshwa ndani ya picha, ndipo lipu ipigwe. Lipu inakula sentimita 1.5 hadi 2 kila upande, na vigae vinakula tena. Jiko la mita 3 kwenye ramani linabaki mita 2.94 au pungufu. Seremala anayekata mbao kwa vipimo vya ramani atalazimika kuchonga ukuta au kuchonga kabati, kwa hiyo apime mwenyewe baada ya vigae, sehemu tatu: chini, katikati na juu, na achukue kipimo kidogo. Kona aikague kwa 3, 4, 5: sentimita 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na mshazari lazima uwe 100.

Granaiti hukatwa baada ya makabati au slabu kusimama, sinki na jiko la kuzamisha vikiwa mkononi. Karatasi ya vipimo iliyokuja na boksi haitoshi. Njia ya kupita kati ya kaunta mbili zinazotazamana iwe mita 1.1 hadi 1.2, na ukague kwa friji na oveni zikiwa zimefunguliwa pamoja.

Malipo yagawanywe kwa hatua zinazoonekana kwa macho, na sehemu ya mwisho ibaki mpaka majaribio yafanyike. Jaza bakuli la sinki hadi juu, liachie kwa mara moja, na pitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo chini yake. Paka povu la sabuni kwenye viungo vyote vya gesi. Washa birika, mikrowevu na friji kwa pamoja kwa dakika kumi, kisha gusa soketi kama zina joto. Mwaga ndoo ya maji sakafuni uone yanakimbilia wapi. Halafu weka sufuria ya unga kamili kwenye pleti ya chini, na anayepika asonge mpaka uive, seremala akiwa bado yupo na zana zake.